Kusafirisha Spika Ziwani: Fundisho Nililolipata Port Bell

Wenzangu wengi wameandika katika ukurasa huu juu ya safari, michezo na methali za wazee. Mimi leo napenda kueleza jambo ambalo kwa kulisikia laonekana dogo, nalo ni namna ya kufunga spika nzito ili zisafiri bila kuharibika. Nilijifunza jambo hili kwa hasara, na kabla sijajifunza nilimwonea mtu asiye na kosa. Kwa hiyo nawaomba mnisome mpaka mwisho, maana huko mwisho ndiko iliko toba yangu.

Kwanza yafaa niwaeleze mahali penyewe. Port Bell ni bandari ya Kampala katika Ziwa Victoria, kando ya Luzira. Iliitwa hivyo kwa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyekuja kuitawala Uganda mwaka 1906. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikuingia Kampala mpaka mwaka 1931. Katika miaka ile ya katikati mizigo mingi ilishushwa garini Kisumu, ikapakiwa melini, ikavuka ziwa. Hata meli iliyoitwa William Mackinnon, ambayo ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, ilitoka Scotland ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa huku huku ziwani. Tangu zamani, basi, watu wa ziwa hili wamejua kwamba kitu hufika salama kwa jinsi kilivyofungwa. Mimi peke yangu nilikuwa sijui.

Kwaya ya shule yetu ina spika mbili kubwa na miksa moja. Kila spika ina uzito wa kilo 36. Vyombo hivyo vilinunuliwa kwa michango ya wazazi na wanafunzi wa zamani, waliochanga kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu, nami ndimi niliyepewa ufunguo wa chumba vinamowekwa. Mwaka juzi shule moja ya Mwanza ilitualika kuimba pamoja nayo. Waimbaji walikwenda kwa basi kwa njia ya Masaka, Mutukula na Bukoba. Spika hazikupata nafasi ndani ya basi, zikapelekwa na meli ya mizigo kutoka Port Bell.

Mjomba wangu ni seremala pale Luzira. Aliposikia habari ya safari aliniambia, "Mjomba, nipe wiki mbili nikutengenezee makasha ya kweli." Nilijiona msomi wa kidato cha sita, nikamjibu kwamba hapana haja. Nilizizungushia spika mablanketi ya bweni, nikazitia katika masanduku ya mbao nyembamba, nikapigilia misumari, kisha nikaandika kwa rangi nyekundu, "ANGALIA, HUVUNJIKA." Nilidhani maandishi yangetosha.

Siku ya kupakia nilikuwapo gatini. Makuli wawili walilishika sanduku la kwanza ili kulishusha kutoka lori. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya kijani, mkono ulimteleza, na pembe ya sanduku ikagonga saruji. Nilipiga kelele, naye akaniomba radhi. Sanduku halikupasuka, kwa hiyo nilinyamaza.

Tulipozifungua Mwanza, nje ya spika hapakuwa na hata mkwaruzo mmoja. Lakini tulipozitia umeme, ya kwanza ilikuwa bubu kabisa, na ya pili ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Kwaya iliimba bila spika katika ukumbi mkubwa, na wageni wa viti vya nyuma hawakusikia neno. Tuliporudi, mwalimu mkuu aliniita niandike taarifa. Niliandika kwamba makuli wa bandarini ni wazembe, nikamtaja yule mzee kwa kofia yake. Barua ile ilipelekwa kwa msimamizi wake, na mzee akasimamishwa kazi kwa wiki mbili bila malipo. Nami nililala usingizi mzuri, nikidhani haki imetendeka.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwalimu wetu wa fizikia alimwita mjomba, wakaifungua spika iliyokuwa bubu mbele yangu. Ndani ya spika mna koni ya karatasi ngumu. Nyuma ya koni pana koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kama uzi katika kibiringo. Koili hiyo yaelea ndani ya mwanya wa sumaku, nao ni mwembamba sana: haufiki hata milimita moja kila upande. Umeme wa sauti upitapo katika waya, koili husukumwa na kuvutwa. Koni hutikisika, hewa hutikisika, nasi twasikia. Sumaku ya spika yetu ina uzito wa kilo 3, nayo imeshikizwa kwa gundi juu ya sahani ya chuma.

Mwalimu alituonyesha kwamba gundi ilikuwa imeachia, na sumaku imehama kidogo upande. Koili ilikuwa imebanwa kama kidole mlangoni. Katika spika ya pili sumaku ilihama kidogo zaidi ya unywele, koili ikawa inakwaruza. Ndiyo sababu ya ule mkoromo. Mwalimu akasema, "Sanduku lako lililinda ngozi ya spika, halikulinda moyo wake." Nami hapo ndipo nilipoanza kufahamu. Spika ya pili haikuangushwa na mtu ye yote mbele yangu, nayo pia ilikuwa imeharibika.

Tuone sababu yake kwa hesabu. Tuseme mzigo umeanguka kutoka kitako cha lori, kimo cha sentimita 80. Ukifika chini una kasi ya karibu mita 4 kwa sekunde, sawa na baiskeli iendayo kilomita 14 kwa saa. Kasi hiyo haina ubaya. Kila siku twapanda baiskeli na hatuvunjiki. Ubaya uko katika kusimama. Mtu anayedaka fenesi kutoka mtini hurudisha mikono nyuma pamoja na fenesi, ili lisimame pole pole. Akiikaza mikono, ataumia. Kadhalika mzigo: ukipewa nafasi ndefu ya kusimama, nguvu ya pigo huwa ndogo, ukipewa nafasi fupi, nguvu huwa kubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kimo cha kuanguka, kigawanye kwa nafasi ya kusimama. Mbao na saruji zikibonyea milimita 4 tu, basi milimita 800 kwa 4 ni 200. Maana yake, wakati wa pigo kila kitu ndani ya spika huvuta kana kwamba uzito wake umezidi mara 200. Sumaku ya kilo 3 huvuta gundi kwa nguvu ya kilo 600, kama magunia sita ya mahindi. Gundi gani itavumilia? Lakini mzigo ule ule ukisimama katika nafasi ya sentimita 4, jibu ni 20, na sumaku huvuta kwa nguvu ya kilo 60 hivi. Hilo gundi yaweza kulivumilia. Hii ndiyo kazi yote ya kasha lenye sponji: kuupa mzigo nafasi ya kusimama pole pole. Ugumu wa nje ni wa kuzuia kutobolewa na kukandamizwa. Wokovu wenyewe uko katika ulaini wa ndani.

Hapa watu wengi hukosea, wakadhani kwamba kadiri sponji ilivyo laini ndivyo ilivyo bora. Mimi pia nilimwambia mjomba tununue sponji ya godoro. Hakubishana nami. Alichukua sanduku dogo la mbao, akalijaza matofali hata likawa na uzito wa kilo 36, akafunga yai moja juu yake kwa utepe, akaliweka ndani ya kasha lenye sponji ya godoro. Tukaliinua hadi kimo cha sentimita 80, tukaliachia. Yai likapasuka. Sponji ya godoro ilikuwa imekwisha bonyea yote kwa uzito wa matofali kabla hata ya kuanguka. Haikubaki nafasi yo yote ya kusimamia. Kisha akaweka sponji nyingine, ngumu kiasi, ambayo vishimo vyake vya hewa vimefungwa kila kimoja peke yake. Kwa kuitazama hufanana na ile ya kandambili, lakini ni nyepesi na laini zaidi. Tukaangusha tena, mara sita, na yai likabaki zima. Jioni tulilikaanga.

Basi, kanuni ni hii: sponji sharti ilingane na uzito unaokaa juu yake. Na tazameni jambo hili la ajabu kidogo, kwamba sponji ile ile yaweza kufaa spika na isifae miksa. Spika yetu ina kitako cha sentimita 40 kwa 45, yaani sentimita za mraba 1,800. Tuliweka sponji chini ya nusu yake tu, yaani 900, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ilibeba gramu 40. Miksa ina uzito wa kilo 9 tu. Tungeiweka juu ya sponji hiyo kwa upana wake wote, sponji isingebonyea kabisa wakati wa pigo. Ingekuwa kama ubao. Kwa hiyo tuliipunguza sponji. Ili kila sentimita ibebe gramu 40 zile zile, tulihitaji sentimita za mraba 225 tu, nazo ni vipande vinne vya sentimita 7 na nusu kila upande, kimoja kila pembe. Kitu chepesi hupewa sponji kidogo, na kitu kizito hupewa nyingi. Ila kipande kisiwe kirefu kuliko upana wake, maana kitapinda kama mguu wa kiti kibovu.

Sasa nitaeleza kwa ufupi tulivyoyatengeneza makasha yenyewe.

Kwanza, tulitumia plaiwudi ya milimita 9. Kingo zake zote tulizifunika kwa pembe za alumini, na katika kila kona tukatia kofia ya chuma, vyote vikiwa vimekazwa kwa ribiti. Vyuma hivi mjomba alivipata kwa mafundi wa Katwe, ambao kwa kazi za chuma hawana mpinzani hapa Kampala. Mzigo unaoanguka mara nyingi hutangulia kona, kwa hiyo kona ndiyo ya kutiliwa nguvu.

Pili, sponji. Chini tuliweka ya sentimita 8, kwa sababu sponji haiwezi kubonyea mpaka ikaisha. Ukitaka ibonyee sentimita 4, anza na unene wa mara mbili. Pembeni na kwenye kifuniko tuliweka ya sentimita 5. Spika huingia kwa kubanwa kidogo, isipate nafasi ya kucheza. Ikicheza, kila mtikisiko huwa pigo jipya.

Tatu, tulikataza kutia kitu kingine ndani ya kasha la spika. Nyaya na miguu ya chuma zina kasha lao. Chuma kilicholegea ndani ya kasha kikitikiswa usiku kucha huwa nyundo.

Nne, tulikumbuka injini ya meli. Mtetemo wake si mkubwa, lakini haukomi, nao hulegeza skrubu. Kabla ya safari hukaza kila skrubu ya spika, na zile za sumaku na vishikizo tumezitia tone la gundi.

Tano, unyevu. Ziwani usiku ni baridi na mchana ni joto, na umande huingia mpaka ndani ya kasha. Sponji ya godoro hunywa maji kama kitambaa. Hii yenye vishimo vilivyofungwa hainywi. Tena hutia ndani vifuko vya chembe za kukausha unyevu, kama vile vinavyokuja katika masanduku ya viatu. Tukifika hatuwashi vyombo mara moja. Twangoja mpaka vilingane na hali ya hewa ya chumba.

Sita, na hili ndilo nililolijua mwisho ingawa lilistahili kuwa la kwanza, mikono ya kushikia. Kila kasha lina mikono minne ya chuma, miwili kila upande, na magurudumu manne chini. Spika na kasha lake sasa ni kilo 54, mzigo wa watu wawili au wanne, na uzito huo tumeuandika ubavuni kwa tarakimu kubwa. Tumechora pia mshale wa kuelekea juu, bilauri na mwavuli, ambazo ni alama zinazofahamika bandarini hata na mtu asiyejua lugha yako.

Huenda msomaji akauliza, "Je, kelele za spika zastahili taabu yote hiyo?" Nitamjibu kwa mfano wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, Hugh Tracey alipita Uganda akirekodi muziki, pamoja na ule wa jumba la Kabaka wa Buganda. Siku hizo mashine ya kurekodi haikuwa simu ya mfukoni. Ilikuwa mzigo mzito wa kusafirishwa kwa gari katika njia mbaya. Mwaka 1966 jeshi lilishambulia Lubiri, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, lakini katika miaka ile wapigaji wengi wa jumba la Kabaka walikuwa wametawanyika. Hata hivyo sauti za 1950 na 1952 zipo, na leo twaweza kuzisikiliza. Lau mashine ile ingeharibika njiani, ni nani angeweza kuwarudisha wapigaji wale ili wapige tena? Sauti ni kitu chepesi, lakini hubebwa na vyombo vizito, na chombo kizito kikivunjika sauti hupotea pamoja nacho.

Sasa nije kwenye deni langu. Tulipokwisha kutengeneza makasha nilimwuliza mjomba kwa nini yule mzee aliachia sanduku. Akaniuliza, "Sanduku lako lilikuwa na mikono?" Nikasema, hapana. "Lilikuwa limeandikwa uzito?" Hapana. Akanyamaza, akaendelea kupiga randa.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia kwamba taarifa yangu haikuwa ya haki. Alinitazama kitambo, kisha akanipa karatasi, akasema niandike nyingine mwenyewe, naye ataitia sahihi. Likizo ile nilifanya kazi kwa mjomba, nikichonga na kupiga msasa, hata nikapata fedha inayolingana na mishahara ya wiki mbili za mzee. Nikaenda gatini nikiwa na barua na bahasha.

Nilimkuta amekaa juu ya rundo la magunia, kofia ni ile ile. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," nikamweleza yote. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema, "Kijana, mzigo usio na mkono hushikwa kwa kucha. Nilidhani wewe msomi ungelijua." Bahasha aliipokea, akahesabu fedha, akaniambia kwamba katika wiki zile mbili mjukuu wake alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Sikuwa na la kumjibu.

Mwaka jana tulialikwa tena Mwanza. Makasha matatu yalifika Port Bell kwa lori, na mzee alikuwapo. Kabla ya kuyagusa aliyazunguka, akasoma uzito, akajaribu kila mkono kwa kuuvuta. Kisha akawaita wenzake watatu, wakainua kasha la kwanza kwa pamoja, wakalipeleka melini bila neno. Kule Mwanza tulingoja spika zipate joto la chumba, tukaziwasha, na wageni wa viti vya nyuma wakasikia kila neno.

Wasomaji wapenzi, haya ndiyo niliyotaka kuwaeleza. Ukitaka kusafirisha kitu kizito chenye moyo laini, kipe nafasi ya kusimama pole pole, pima sponji kwa uzito wake, zuia unyevu, na zaidi ya yote weka mikono mahali ambapo mtu ataweza kushika. Na kitu kikiharibika njiani, kabla hujaandika jina la mtu katika taarifa, rudi kwanza ulitazame sanduku ulilolifunga mwenyewe.